Baba, Neno Langu Silifuti

Baba yangu,

Nipo nyumbani Ngulyati, kando ya kaburi lako, likizo ya kulazimishwa. Mwanao nimetengwa jeshini kama ulivyotengwa wewe hapa kijijini.

Unaukumbuka msimu ule wa pamba? Majirani walikuwa wakitia mchanga kwenye magunia ili uzito upande, nawe ukawasema palepale kwenye mzani, watu wote wanasikia. Loo! Kijiji kikakaa kikao: asije mtu kwetu, asiitikie mtu salamu yetu. Mama alilia. Wewe kila asubuhi unasimama njiani, unasalimu Kisukuma, “Mwangaluka!” kwa sauti ya kufukuza fisi, na watu wanapita wameinamisha macho. Mimi nakuvuta shati kwa aibu. Ukaniambia, “Kabula, salamu ni yangu, kuitikia ni kwao.”

Sasa sikia ya kambini. Lori la kubeba kuruta lilikuwa na breki mbovu. Mimi fundi wake nikasema lisitoke. Meja akaamuru liandikwe zima. Likatoka, likamshinda dereva mteremkoni, kuruta mmoja akavunjika nyonga. Nikaripoti makao makuu. Unajua walichofanya? Malalamiko yangu wakayarudisha kwa meja yuleyule, eti ayachunguze! Kesi ya ngedere kapelekewa nyani.

Tangu hapo nimetolewa karakana, nafyeka majani. Nikikaa mesini, wenzangu wanahama meza. Nawasalimia vilevile, kwa sauti yako. Wakanipeleka kupimwa akili. Daktari akauliza kama huwa nasikia sauti. “Nasikia, afande. Za breki.” Hakucheka. Nikacheka peke yangu, kwa hasira.

Jana meja kanipigia simu, mpole kama mchumba: “Koplo, sema tu ulikosea, nikurudishe karakana.” Nisiposema, nafukuzwa. Na jeshi nalipenda, Baba, wewe mwenyewe ulinisindikiza hadi stendi ya Bariadi siku naondoka, ukajivuna mbele ya makondakta. Inaniuma sana.

Lakini sikukosea. Kesho narudi kumwambia hivyo usoni, mbele ya kamati yake ya nidhamu. Wakitaka gwanda lao, wachukue. Lori lile bado linabeba watoto wa watu. Likianguka tena, hakuna mkubwa hata mmoja atakayesema hakuambiwa.

Pumzika, mzee wangu. Mimi bado nina kazi.

Binti yako,
Kabula