Koti la Mzee Kalisto

Mpui, Jumapili usiku

Moyo bado unanidunda! Tangu Desderi anioe na kunileta hapa kwao Ufipa, majirani wananiita "Msukuma wa ng'ombe" na kunyamaza nikifika kisimani. Leo msibani kwa Mzee Kalisto nilikaa pembeni, nikiogopa hata kulia vibaya.

Mjane wake, Mama Oliva, alikuwa hajala tangu mazishi. Nikawaza, kwani Wasukuma na Wafipa si watani, wenye ruhusa ya kutaniana hata msibani? Nikavaa koti la mtumba la marehemu, nikabeba jembe lake, nikachechemea kama yeye.

"Nimechoka kulima ulezi wenu! Wafipa, lieni vizuri, la sivyo narudi!"

Waombolezaji wakanikodolea macho. Nikajua nimejiharibia.

Mara Mama Oliva akacheka, machozi yakimtoka. "Mtani, mwizi wewe! Vua koti la mume wangu, uje unilishe."

Akala! Kutoka mkononi mwangu!

Tukirudi, Desderi alinishika mkono mbele za watu. Desderi wangu, mwenye haya vile! Sasa anakoroma, nami usingizi...

Wanawake wamenikabidhi mwiko. Kesho ugali wa msiba nasonga mimi.