Toni ya Uvira

Kamembe, Jumapili, 7 Juni 1998

Kwa Mama mkwe wangu mpendwa, Mama Nyirabagenzi,
Nyamata

Tumsifu Yesu Kristo, Mama. Nakusalimu kwa mikono miwili kama vile ningekuwa mbele yako. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia wakati wa Pasaka, niambie ukweli kama unaitumia au umeiweka kabatini pamoja na zile nyingine. Na mihogo yenu, je, mvua imeihurumia mwaka huu? Mimi mwili ni mzima. Hapa asubuhi kuna baridi ya ziwani, lakini nimeizoea. Chumba changu ni kile kile, nyuma ya nyumba ya Nasiri, fundi cherehani. Mke wake bado ananiletea chapati kila Ijumaa, anasema mwanamke akila peke yake chakula hakishuki. Nacheka, lakini anasema kweli.

Najua shemeji Gasana ndiye anayekusomea. Gasana, salamu nyingi. Nakuomba jambo moja: kama majirani wamekaa hapo, waambie kwa adabu warudi baadaye, kisha ukae karibu na Mama ndipo uendelee. Na usiruke mistari kama ulivyokuwa unaruka darasani Uvira, tulipokuwa tunaishi huko.

Mama, barua yako nimeipata. Umesema wakati umefika wa kuondoa kilio cha Kamali, kumaliza matanga yake, kwamba huwezi kufa huku mwanao bado yuko katikati, hajazikwa wala hajaagwa. Umesema ni Jumamosi tarehe ishirini, padri amekubali, pombe ya ndizi imeagizwa na shangazi zake wote wameitwa. Unangoja neno langu tu, kwa sababu mimi ndiye mjane, na bila mimi hutaki. Tena ukaongeza kwamba baada ya siku hiyo nitakuwa huru, na mtu mwema akinipenda hutanizuia. Hapo nililia. Sijui ni wakwe wangapi wanaoweza kuandika hivyo. Jibu ninalo, lakini siwezi kulitoa mbele. Lazima kwanza nikueleze habari ya kazi yangu, na unajua kazi yangu inachosha kuisikiliza, kwa hiyo univumilie, maana jibu limetoka huko huko.

Bado nafanya ile kazi aliyonifundisha Kamali, ya redio za mkononi. Shirika letu lina watu waliotawanyika: yupo anayegawa mbegu Rwimbogo, yupo aliye mpakani Ruhwa, na Nzahaha kuna muuguzi. Huko simu hakuna. Kila mmoja ana redio yake, lakini redio peke yake haivuki mlima. Sauti yake hupokelewa na rele, ile mashine iliyo juu kabisa, nayo huirusha tena mbali. Zamani kompyuta ndiyo iliyoziandikia redio njia zake. Waya wake umekufa, na wa kutuletea mwingine hajapatikana, kwa hiyo naandika kwa vidole, redio moja baada ya nyingine. Naweka masafa ya kusikilizia, naweka tofauti ya masafa ya kusemea, naiambia iende juu au chini, naweka toni, kisha nahifadhi kwenye namba ya chaneli. Ukikosea hatua moja unaanza upya, na maneno ninayoitukania ile mashine ni afadhali usiyasikie.

Toni ndiyo yenye matata. Ni mlio mdogo ambao sikio halisikii, unatoka pamoja na sauti yako. Rele ikiutambua inakufungulia, kama mama anayejua mwanawe anavyobisha hodi. Toni ikiwa siyo, wewe utawasikia watu wote, lakini hakuna atakayekusikia.

Kila jioni naita vituo. Kwenye redio hatutaji majina ya watu, ni amri tangu vita vya mwaka juzi, tunataja mahali tu. Nikisema Rwimbogo, Rwimbogo anajibu yupo. Nikisema Ruhwa, naye anajibu. Mimi ni Kamembe. Nikimaliza kuwaita wote nazima mashine, na hakuna wa kuniita mimi. Nitakuambia wazi, Mama, hiyo ndiyo saa inayonishinda. Mchana nina watu, nina kelele, nagombana na madereva. Saa ile nafunga mlango wa ofisi, napanda taratibu kuelekea kwa Nasiri, na njiani natafuta hata mtu wa kunikanyaga nipate sababu ya kusema naye.

Sasa, baada ya Pasaka nilitengeneza redio mpya ya Nzahaha. Muuguzi wa pale anaitwa Mukakalisa, mjane kama mimi, mtu mpole. Asubuhi hiyo Gasana alikuwa amenitumia ujumbe wako wa kwanza juu ya kilio, nami niliandika ile redio huku mawazo yangu yote yako kwa Kamali. Nikaifunga, ikaenda. Tangu siku hiyo Nzahaha ikawa kimya. Naita, hajibu. Nikatuma betri, hajibu. Ladislas, mkuu wetu wa hapa, akaanza kusema yule mama ana kiburi. Mukakalisa naye akatuma habari kwa dereva kwamba redio yake haina shida yoyote, kwamba anajibu kila siku, na sisi tuache kumsumbua na betri.

Alhamisi iliyopita nikaamua kwenda mwenyewe. Mukakalisa alinipokea kwa chai na viazi vitamu, nikamuuliza kwa upole mbona hajibu. Akashangaa. Akaniambia: «Hapana, Maman, radio iko bien. Kila mangaribi minajibu, na ule muntu wa Uvira ananiambia bien reçu, amepokea muzuri. Nilizania ni ye anakupatiaka habari.»

Niliposikia Uvira nikaelewa kosa langu, nikacheka mpaka chai ikamwagika. Unajua, Mama, rele yetu na ile ya Uvira zilinunuliwa pamoja. Masafa yao ni yale yale, kwa sababu milima imezitenga, na toni tu ndiyo tofauti. Yetu ni mia moja. Ya Uvira ni themanini na nane nukta tano. Ofisi ya Uvira iliporwa kwenye vita, rele yake ikafa, hakuna aliyeifikiria tena, na kumbe wameiwasha upya bila kutuambia. Hapa Kamembe hatuisikii. Lakini kutoka Nzahaha bonde lote la Rusizi liko wazi, na mlima wa Uvira unaonekana. Vidole vyangu, siku ile ya ujumbe wako, vilikuwa vimeandika toni ya Uvira. Niliiandika mara nyingi mno, miaka ile ya kazi yetu Uvira, Kamali amesimama nyuma yangu akinisahihisha. Basi Mukakalisa alikuwa ananisikia mimi nikimwita, anajibu, na jibu lake linaangukia Congo.

Nilishika redio nikaanza kuirekebisha. Jua lilikuwa linashuka, na jioni ile Ladislas ndiye aliyekuwa akiita vituo badala yangu. Akamaliza. Kabla sijafika kwenye toni, redio ikafunguka mkononi mwangu, mtu akasema: «Allô, Nzahaha, hapa Uvira. Leo uko kimya. Uko mugonjwa?» Nyuma yake kulikuwa na mtoto mchanga analia.

Gasana, simama kidogo. Mshike Mama mkono.

Mama, ni Kamali. Mwanao yu hai.

Usidhani ni hamu yangu iliyoniambia. Sauti ile nililala nayo, naijua ikiwa na mafua, naijua ikiwa na njaa. Hata hivyo nilijikatalia. Niliweka redio juu ya meza, nikamwuliza Mukakalisa mtu huyo ni nani. Akasema jina hajawahi kumtajia, lakini maneno wanayo mengi, maana na yeye jioni zake ni kama zangu, na mtu yule anaonekana hana haraka. Walikuwa wanasemezana juu ya mvua, barabara, na kikohozi cha watoto. Siku moja alimweleza kwamba alikuwa na mke, akafa kwenye lori njiani kwenda Burundi, mwanzoni mwa vita, na hakuna aliyepona kwenye lori lile.

Lori hilo nalijua. Nilikuwa nimelipanda. Nilishuka kwa hasira kwa sababu dereva alitaka kulitupa godoro langu, nikamwambia basi bora nitembee, nikatembea na godoro langu kichwani mpaka nikavuka Ruhwa. Ile hasira yangu unayoniombea kila siku kanisani ndiyo iliyoniacha hai. Na sisi tukaambiwa huku kwamba nyumba ya watu wa redio, alikobaki Kamali, ilipigwa, hakubaki mtu. Yeye akanililia mimi kule, mimi nikamlilia yeye hapa. Hakuna aliyedanganya, Mama. Kila mtu alisema alichoambiwa.

Alimwambia Mukakalisa pia kwamba kuna mwanamke aliyemficha. Jina lake Nzigire, amri ya majina aliisahau hapo. Alimficha kwenye chumba cha kuni miezi mingi, askari wakija anatoka kuwapa maneno na samaki, na jirani mmoja alipotaka kumtaja, Nzigire alimwambia ataanza kwa kumtaja yeye. Sasa wanaishi pamoja. Mtoto wao ni wa kike, na Kamali alimwambia Mukakalisa kwa fahari kwamba amempa jina la mama yake, ambaye hajui vita vilimtupa wapi, ili litajwe nyumbani kila siku. Mukakalisa akalikumbuka jina lenyewe. Nyirabagenzi.

Hapo sikuwa na pa kukimbilia tena.

Utaniuliza kwa nini sikubonyeza nikasema naye. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nataka ujue hivyo, nisijifanye mtakatifu: nilimtaka mume wangu, namtaka hata sasa ninapoandika. Lakini kwenye rele hakuna siri. Neno moja langu lingesikika ofisi nzima ya Uvira, lingesikika kwa kila dereva, na lingesikika katika nyumba ile, kwa sababu redio alikuwa nayo nyumbani. Yule mwanamke angekuwa na mtoto mgongoni, anasonga ugali, na hapo hapo angesikia mke wa mumewe akifufuka. Hakunikosea kitu, Mama. Ningekuwa na mume mfu kama si yeye. Nikasubiri Kamali amalize kuita, nikaweka toni ya mia moja, nikahifadhi, nikajaribu. Ladislas akajibu kutoka Kamembe kwamba Nzahaha inasikika vizuri sana. Nilikwenda nyuma ya zahanati nikalia, na Mukakalisa akanishika mabega.

Jana amenitumia habari kwamba mtu wa Uvira bado anaita Nzahaha kila jioni, anauliza kama mama wa pale amepona. Yeye anamsikia lakini hawezi kumjibu tena. Ananiuliza amfanyieje, na sijamjibu.

Sasa jibu lako, Mama. Usiondoe kilio. Wala usiwarudishe wale uliowaalika, waje, wanywe ile pombe, waimbe mpaka asubuhi, maana mwanao yu hai na una mjukuu. Kisha nakuomba uende Uvira wewe mwenyewe na Gasana, njia siku hizi inapitika, sijui kesho. Usimtume mtu na maneno ya mdomo. Ukifika, mbebe mtoto kwanza. Halafu mwite Nzigire pembeni, jikoni, kabla ya Kamali, umwambie kwamba mimi ni hai, kwamba ninamshukuru, na kwamba siji kumtoa nyumbani mwake. Asikie kutoka kwa mama, asisikie kutoka hewani. Baada ya hapo mwambie Kamali. Sitaki abaki akidhani mimi ni maiti barabarani. Atakachosema aniandikie mwenyewe, au asiniandikie. Kanisani bado ni mume wangu, na padri sijamwuliza, naogopa atakachosema upande wowote.

Wewe ulisema nitakuwa huru. Ninajiona nimekuwa kitu ambacho hakina jina. Mjane si mimi, na mke sijui. Nakuomba usiache kuniita binti yako mpaka tutakapojua.

Barua hii inaletwa na Aimable, dereva wetu, anapita Nyamata kesho kutwa. Mpe chakula, ana mwili mwembamba lakini anakula. Wasalimie shangazi wote, msalimie wifi yangu Mahoro na mumewe, na jirani zako waliokuwa wanangoja kusikia barua, waambie Joselyne anawasalimu na anawaomba msamaha kwa kufukuzwa. Mungu akulinde na ailinde ile nyumba ya Uvira.

Umeniuliza kama nitakuja Jumamosi hiyo. Nitakuja, nimeshaomba ruhusa. Watu watafurahi, na mimi nitafurahi pamoja nao, naapa. Niambie tu, Mama, nivae nini.

Mkamwana wako,
Joselyne