Masafa Niliyoyapima kwa Miguu

Jumatatu, saa kumi jioni. Mvua ya milima ya Nandi haijafika kwetu, lakini mto umeshaileta.

Nina miaka sabini na nane. Nimepita kipindupindu, gugumaji lililofunga ziwa, wake wawili, na kila fundi wa injini za boti aliyewahi kunicheka. Shule niliacha darasa la tatu. Haya naandika kwa kidole kimoja, simu inanisahihisha na mimi naisahihisha tena. Kwa hivyo mtu asiniambie sijui vitu.

Leo kuna kitu sikujua.

Viboko walikuwa wananimalizia mahindi huku chini ya Nyamasaria, karibu na pale mto unapoingia ziwani. Nikanunua vile visanduku visivyo na waya: kiboko akipita mbele yake, kengele inalia kwangu. Vilikuwa na nguvu za mtoto. Nikafunga busta kubwa ya kuvipa nguvu, juu ya nguzo, mimi mwenyewe, kengele ikawa inanifikia hata nikiwa kwa kinyozi kule barabarani. Nilijisifu hadi kanisani.

Alhamisi akaja binti mmoja, injinia, ameshika antena kama mtu anayefuata nyuki. Ikamleta moja kwa moja hadi kwa nguzo yangu. Akasema hewa imegawanywa kama shamba. Magari mapya yanayojifunga breki yenyewe yana kipande chao, visanduku kama vyangu vina chao, na kipima-maji cha darajani, kile kinachoamsha king'ora mto ukijaa, kina chake. Nikamuuliza hati ya hilo shamba anaiweka nani. Alicheka, lakini hakuacha.

"Jaduong', mzee wangu, busta yako imekaa kwenye masafa ya kipima-maji. Inameza sauti yake. Ihamishe, au uizime."

"Unataka masafa gani?"

"Yoyote, mradi si hayo."

Masafa! Mimi nimepeleka boti hadi kisiwa cha Mfangano, nifundishwe masafa? Hata redioni wanayataja kila siku, na mimi miaka yote najua wanasema wanafika mbali kiasi gani. Jumamosi nikang'oa nguzo, nikahesabu hatua mia nne kutoka mtoni, nikaisimamisha huko. Mia nne, si mia tatu. Binti akapiga simu: nimehama? Nimehama, tena vizuri sana. Akashukuru. Nikalala kama chifu.

Leo saa nne nikapita kwa Mama Atieno, jirani yangu anayeanika omena, dagaa wetu, ukingoni. Mama yake mzazi hatembei, analala chumba cha nyuma. Maji yalikuwa rangi ya chai, yameshameza jiwe la kufulia, yanabeba migomba mizima na mizizi yake. Nikamwambia toka hapa.

"Mzee, wewe unapenda kutisha watu. King'ora kimelia? Kikilia nitambeba mama."

Hakikuwa kimelia.

Nikampigia binti: hatua mia nne nimewapa, mbona chombo chenu kimelala?

"Hatua? Baba, masafa ya redio si umbali! Ni kama stesheni. Ukibeba redio hadi Obunga, stesheni si ni ile ile? Zima sasa hivi!"

Nikakimbia. Mimi, na nyonga hii. Nikachomoa waya, na kabla sijauachilia, king'ora kikalia darajani.

Binti anasema chombo kilikuwa kinaita tangu alfajiri. Kinaita, na mimi nimekiziba mdomo.

Tulimtoa yule bibi wa chumba cha nyuma kwa mkokoteni, maji yakitupiga magotini. Sasa nikiwa mlangoni kwangu naona paa lao tu. Maji bado yanapanda.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Ng'ambo ya mto kuna king'ora kingine, na hadi sasa kiko kimya. Huko mzee mwenzangu amefunga busta kama yangu, kwa sababu mimi nilimsifia. Simu yake haiingii. Daraja halipitiki. Nimempa binti jina lake, amesema anajaribu.

Nani mwingine alinisikia nikijisifu?

Anayedhani nimetunga, amuulize Mama Atieno. Yuko hapa kwenye kiti changu, ameshika mkono wa mama yake, ananitazama nikiandika.