Ubeti wa Tatu Ni Wangu

Somo yangu wa upande wa pili wa ubao,

Umeniita mbele za watu, nami nakujibu mbele za watu. Kwenye ukurasa wetu wa mashairi uliweka ubeti wako wa kufungulia majira ya baridi, chini yake ukaweka ubeti wa Saida, jirani yako wa huko Uswidi ambaye mimi namjua kwa jina tu. Kisha ukaandika: "Wa tatu ni wa somo yangu aliyeko Dubai. Tunamngoja hadi Ijumaa. Akinyamaza, Saida ataendelea." Watu wakaanza kunihimiza. Mmoja akauliza, "Kwani huyo somo yuko hai?"

Niko hai. Nilikuwa ofisini, Al Qusais, simu iko mapajani ili sir, bosi wangu, asiione, na nilihisi kama mtu anayerudi kwake akakuta mgeni amekalia kiti chake, tena mgeni mwenye adabu, anayesimama na kusema, "Karibu."

Unakumbuka tulivyoanza? Mimi nilikuwa mgeni katika mji huu, karani mpya wa hati za mizigo, naogopa kila kitu: kuchelewa, kukosea tarakimu, kupanda lifti na watu nisiowajua. Nilikodi nusu ya chumba kilichogawanywa kwa ubao, na nusu ya pili ilikuwa yako. Wakala wa nyumba aliposikia kwamba sote tunaitwa Mwanaidi, alituandika Mwana One na Mwana Two. Ukacheka hadi ukashika ukuta. "Basi wewe ni somo yangu," ukaniambia. "Kwetu Mombasa mtu hamwachi somo yake alale na njaa." Mimi mtoto wa Tanga nikaona haya, nikaitikia tu.

Lakini kiangazi kizima hatukuvuka salamu. Kiyoyozi cha pale kati, kilichotuhudumia sote wawili, kilinguruma mchana na usiku, na kila mmoja wetu alikuwa amefungiwa ndani ya mngurumo wake. Hadi jioni ile hewa ya nje ilipopoa, ukakizima. Kimya kikaingia. Ndani ya kimya hicho nikasikia vidole vyako vikigonga ubao: tano, vikatulia, saba, vikatulia, tano.

Nikauliza kwa hofu, "Somo, nimekukosea?"

"La, mamangu. Nahesabu mizani."

Madam wako wa Kijapani, uliyekuwa ukimlelea watoto, alikuwa amekufundisha haiku. Ulinieleza kupitia ubaoni: mishororo mitatu, mizani tano, saba, tano, na ndani yake neno moja la majira, ambalo mtu akilisikia tu anajua mwaka umefika wapi. Alikuwa amekupa maneno ya baridi: theluji, matawi matupu, barafu ndani ya ndoo. Mimi shuleni nililelewa na tarbia, vina vya kati na vya mwisho, kituo mahali pake. Nikakuuliza vina viko wapi.

"Havipo. Vua viatu uingie."

Ubeti wangu wa kwanza ulikuwa huu, nami niliuonea fahari:

Theluji leo
imefunika paa
la msikiti.

Ukauhesabu kwa vidole. Kisha ukasema, "Msikiti gani huo, somo? Nipeleke nikaswali." Tulicheka hadi mtu wa ghorofa ya juu akagonga sakafu. Ulipopata pumzi ukasema neno nililolishika hadi leo: kwamba theluji tumeionea kwenye friji tu, na anayeandika baridi asiyoihisi anaazima meno ya mwenzake ili acheke nayo.

Ndipo tukaanza kutafuta baridi yetu wenyewe. Ulikuwa ukirudi kutoka kazini na neno moja mdomoni kama mtoto aliyeficha peremende. Jaketi za watoto wa shule chini ya jua kali. Mvua ya siku moja na magari yanayoogelea. Ukungu unaofuta minara. Mimi nikaleta mafuta ya nazi yaliyoganda ndani ya chupa, ukanikumbatia kwa ajili ya neno hilo. Na la kwanza kuliko yote, mlango wa majira yetu, lilikuwa lile ulilokuwa ukiligonga jioni ile:

Jioni hii
kiyoyozi chazimwa –
jirani yuko.

Ukaniambia kwamba haiku ikijibiwa inakuwa mnyororo: mwingine anatia mishororo miwili, saba na saba, kisha wa tatu anatia mitatu, na kuendelea. Nikafikiri sana. Nikapika chai ya karaki, ya maziwa na iliki, nikaipitisha chini ya pazia la mlangoni pako, na hilo likawa jibu langu:

Nimemimina chai,
kikombe chako hiki.

Ukanifundisha na ile sheria iliyonitesa. Kila ubeti unaushika mkono ule uliotangulia tu. Ule wa kabla yake unaupa mgongo. Wa tatu hauutazami wa kwanza. Mimi nilikuwa nikirudi nyuma kila mara, nikipenda neno nataka kulala nalo, nawe ukigonga ubao: "Usirudi, somo. Nenda." Ulikuwa hodari wa kwenda. Nilipaswa kujua tangu hapo.

Ulipoposwa na kijana mmoja wa Uswidi sikumwonea wivu mumeo. Mume ni mume, ana mlango wake. Siku ya kuagana tulinunua doti moja ya kanga pale Deira, ukaomba mkasi dukani, ukaikata katikati. Kipande kimoja ukanipa. "Maandishi ni yale yale," ukasema. "Ukivaa nami navaa." Nikaamini kwamba tumegawana kila kitu sawa.

Kisha zikaanza kuja sauti zako kwenye simu, nyuma yake upepo. "Somo, nimempata mtu wa Lamu hapa hapa mtaani! Anaitwa Saida. Ana mkono mwepesi, utampenda."

Sikumpenda. Nilisikiliza sauti hiyo mara nyingi nikitafuta mahali uliposema jina lake kwa furaha kuliko ulivyowahi kusema langu, jina ambalo pia ni lako. Uliponiambia umempa maneno yetu, hata lile la mafuta ya nazi, nilijibu, "Vizuri." Moyoni nilisema: huko mafuta yanaganda mwaka mzima, hilo kwenu si neno la majira, ni neno la kabati. Niliona wivu kwa sababu anaweza kukugongea mlango. Niliona wivu hata kwa theluji, kwamba umekanyaga neno tulilolicheka pamoja, ukalikanyaga ukiwa na mtu mwingine.

Na sasa mwaka huu mnyororo umekuja kama ulivyokuja. Wako:

Theluji kweli
yanifika magoti –
na sina neno.

Na wa Saida:

Mezani glavu mbili
zakauka pamoja.

Glavu mbili, somo. Niliona meza yako, na juu yake moja yako na moja yake, zimelala ubavu kwa ubavu. Nikaona na vikombe. Niliuchukia ubeti ule kwa sababu ni mzuri.

Unaona mtego ulionitegea? Nikinyamaza, mnabaki wawili na mnyororo ni wenu. Nikijibu, sheria yako inanilazimisha nimshike mkono Saida na wewe nikupe mgongo. Kwa siku kadhaa nimeandika na kufuta. Nimeandika ubeti wa kejeli kuhusu wanawake wa Lamu na baridi, mizani zake zimetimia, nikaufuta kwa aibu. Nimeandika unaojibu wako na kumruka yeye, nikasikia vidole vyako vikigonga: usirudi. Leo mchana sir alinikuta nakagua hati moja ya mizigo kwa mara ya sijui ngapi. "Yalla, Mwana, khalas! Tuma! Meli haikungoji wewe uache kuogopa." Alikuwa akisema juu ya mzigo wa vigae. Macho yangu yakajaa machozi, akadhani amenikaripia mno, akaniletea biskuti.

Sijakwambia habari za nusu yako ya chumba. Siku hizi anaishi humo Prossy, dada wa Uganda, mlinzi wa kike kwenye jengo la maduka. Ni mtu mzuri, ila tangu ahamie kiyoyozi hakijazimwa, hata baridi ilipoingia. Mimi nimelala na blanketi mbili na ile kanga kichwani, sikuthubutu kusema neno, kodi tunalipa sawa. Nilijiambia kwamba bila kimya kile siwezi kuandika, na kwamba hilo nalo limechukuliwa na mwingine.

Leo jioni sijui nilipata wapi moyo. Labda ni yale maneno ya sir. Niligonga ubao.

"Dada Prossy, samahani sana, kama haitakusumbua, naomba, kama inawezekana, tuzime AC."

Nikaanza kujuta. Kisha nikasikia kitanda kikilia na mtu akiruka chini.

"Banange! Nyabo, si ni wewe unaitaka? Mimi nalala na koti la kazi na soksi mbili-mbili! Nilisema huyu karani ametoka wapi, Tanga hiyo iko kwa barafu?"

Akaizima mwenyewe, kwa rimoti, kama mtu anayeua nyoka. Tulicheka, somo. Tulikuwa tumegandishana kwa heshima. Nikamsikia akipanda kitandani tena, akipumua, akivua soksi moja moja na kuzitupa chini.

Nilipozisikia soksi zile ndipo nilipoufungua tena ubeti wa Saida. Glavu mbili. Kazi yangu ni kuhesabu vitu kwenye karatasi, na nilikuwa sijahesabu. Wanawake wawili waliotoka kwenye theluji wangeweka mezani glavu nne. Mbili ni za mtu mmoja: mkono wa kulia na mkono wa kushoto. Ni mwanamke aliyerudi nyumbani peke yake, akavua glavu zake, akaziweka pamoja kwa sababu hapakuwa na za mwingine za kuweka kando yake. Wewe una mume wa kukushikia koti. Saida ana meza.

Usidhani wivu umeniisha. Upo, nausikia hapa kifuani ninapoandika, na kesho ukinitumia sauti yenye jina lake nao utaamka mapema. Lakini ubeti ule sasa naujua, unatoka kwenye chumba kama changu, na mtu wa chumba kama changu naweza kumjibu. Kwa hiyo mwambie, au na asome mwenyewe hapa, kwamba ubeti huu ni jibu kwake:

Ukungu nje –
kanga moja yangoja
jua lirudi.

Kanga hiyo wewe unaijua, ana haki ya kuuliza ni ipi, na ukitaka umweleze. Asubuhi niliitundika dirishani, ukungu umeificha njia ya metro yote, na hadi narudi kutoka kazini ilikuwa bado mbichi. Mizani nimezihesabu ubaoni. Prossy ameuliza, "Nyabo, unanigongea?" Nimemwambia nitamweleza kesho kwa chai.

Nautuma kabla sijauogopa. Mzunguko wetu ni wa watatu, kwa hiyo wa nne ni wako, mishororo miwili, saba na saba. Na sheria ni ile ile uliyonifundisha mwenyewe kupitia ukutani: utaushika mkono ubeti uliotangulia, ambao ni wangu. Ule wa Saida, pamoja na uzuri wake wote, utaupa mgongo.

Usirudi, somo. Nenda.

Mimi niliyebaki na kipande cha pili,
somo yako, Mwana Two