Nimemtambua Mke Wangu Kwenye Gemu, na Hayuko Peke Yake

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla kidole changu hakijafanya jambo, kwa sababu ujumbe wa kumwambia shemeji yangu aje amchukue dada yake nimeshauandika, uko kwenye simu, bado kuubonyeza tu uende, na dada yake huyo ni mke wangu wa miaka tisa.

Mimi ni mpiga lipu, niko mbali na nyumbani huu mwaka wa tatu, tunajenga jengo la ghorofa kumi na nne na tunalala sita chumba kimoja, shule niliiacha njiani kwa hiyo nikikosea kuandika nivumilie. Chumbani tuna fundi mmoja wa mabomba tunamwita Bomba, ndiye mwenye kompyuta, na Jumapili mchana tukishafua nguo hutuachia tucheze gemu, nami naingia kwa jina lake. Ni gemu ya kupiga risasi, ile ambayo mwili wako huuoni, unaona mikono miwili na bunduki tu, na ni mpya lakini wameitengeneza makusudi ifanane na zile za zamani, kuta zina vimraba vimraba, damu kama matone ya rangi, hata mlio wa mlango ni ule ule wa kukwaruza. Nilipoiona mara ya kwanza moyo ulinipiga, sikudanganyi, kwa sababu mke wangu nilimpata kwenye gemu ya namna hiyo.

Wakati huo yeye alikuwa mpiga chapa kwenye duka la kutoa fotokopi, kulikuwa na kompyuta mbili zimeunganishwa kwa waya, dirisha la wateja likishafungwa tunacheza wawili, tumepeana migongo, na alikuwa ananiua mpaka naona aibu. Kipanya cha kompyuta yake kilikuwa kibovu, ukikivuta kulia kinakwama, kwa hiyo akitaka kutazama kulia alikuwa anazunguka kushoto duara zima mpaka anafika. Akazoea, hata walipoleta kipanya kizima aliendelea kuzunguka vile vile. Tulikuwa pia na sheria yetu, ukibaki na uhai kidogo na hutaki kufa unageukia ukuta unachuchumaa mara mbili, mwenzako anakuacha uende. Hiyo hatukumwambia mtu.

Sasa sikia. Kwenye gemu hii mpya kuna uwanja mmoja wanakokutana watu wa lugha yetu, hawazidi kumi, na miezi miwili iliyopita akaingia mtu anayejiita Stempu, nikamwona anazunguka kushoto duara zima ili atazame mlango ulio kulia kwake. Nikamwambia Bomba, "Huyu ni mke wangu." Bomba akacheka mpaka soksi alizokuwa anaanika zikamdondoka. "Kaka, sisi wengine tunawajua wake zetu kwa sauti, wewe wa kwako unamjua kwa risasi?" Jumapili iliyofuata nikamtega. Nilipobaki na uhai kidogo nikageukia ukuta, nikachuchumaa mara mbili. Stempu alikuja na bunduki mpaka mgongoni kwangu, akasimama, akasimama sana, kisha akaondoka bila kunipiga. Bomba safari hii hakucheka. Alisema tu, "Mh."

Mshauri, nyumbani kwangu hakuna kompyuta. Jumapili mchana mke wangu huniambia anakwenda kwa shangazi yake aliyevunjika nyonga. Na nilipomtajia gemu hii kwenye simu, kabla ya hayo yote, alinijibu, "Mambo ya kitoto hayo, baba watoto, wewe lala upumzike." Kumbe mtoto ni nani?

Na hayuko peke yake. Kila Stempu akiingia, dakika ile ile anaingia mwingine anajiita Kiatu, wakitoka wanatoka pamoja, na Kiatu huyo hajui kitu, anagonga kuta kama mlevi, anajirushia bomu miguuni mwenyewe, lakini Stempu anamsubiri kila mlango, anasimama mbele yake ili apigwe yeye. Mimi siku zote zile dukani hakuwahi kunisubiri hata mlango mmoja. Nawaona wamekaa chumba kimoja, labda kiti kimoja, na nikiwaza hivyo lipu inanidondoka kwenye mwiko, mnyapara ananiuliza kama naumwa. Nimewaza ni yule mwenye duka la zamani, nimewaza ni jirani anayejifanya kutusaidia kubadilisha mtungi wa gesi.

Nikasema nimpe nafasi akiri mwenyewe. Nikampigia katikati ya wiki, na kabla sijafungua mdomo akaniuliza yeye.

"Jumapili mlifanya kazi?"

"Tulifanya," nikasema, "mpaka mgongo umekufa."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka jua linazama. Kwani vipi?"

Akasema, "Pole na kazi," akakata. Huyo si mtu anayepima nitakuwa wapi ili ajue na yeye awe wapi? Nakiri hapo nilidanganya, Jumapili hatufanyi kazi, ni tangu mwaka jana namwambia tunafanya, kwa sababu nikipiga simu siku hiyo naambiwa bati limevuja, mtoto kapigana shuleni, mama yangu kanuna, na mimi siku hiyo moja nataka niwe mtu asiyeulizwa kitu, na kwenye gemu hata mikono ninayoiona mbele yangu ni mizima, haijachanika kwa saruji. Lakini uongo wangu haukuingiza mwanamke yeyote ndani. Niambie, nibonyeze au nisibonyeze?

Mpiga Lipu wa Ghorofa ya Tisa

*

Marahaba, Mpiga Lipu. Usibonyeze.

Pole kwa miaka mitatu ya kulala sita chumba kimoja, na pole kwa mikono. Hilo nalisema kwa moyo wote, kwa sababu yanayofuata hutayapenda.

Umesema ile ishara ya kuchuchumaa hamkumwambia mtu. Haya. Kama aliyeipokea ni mkeo, basi alijua nani anayeitoa. Wewe unadhani Jumapili ile ulimkamata. Na yeye siku hiyo hiyo alikukamata wewe, umejificha ndani ya jina la mwanamume mwingine, saa ambayo ulimwambia uko kazini. Alisimama mgongoni kwako muda mrefu. Unadhani alikuwa anafikiria nini? Kisha akakuuliza kwa upole kabisa, mlifanya kazi? Mpaka saa ngapi? Alikuwa anakufungulia mlango, nawe ukaubamiza, tena ukaongeza na habari za mgongo uliokufa. Ningekuwa mimi ningekata simu bila hata hiyo pole.

Na nani alimwambia kwamba gemu hiyo ipo? Wewe. Akasema ni mambo ya kitoto, sawa, wangapi wamesema hivyo kisha wakaenda kuitafuta kimya kimya? Huenda alikuja kukutafuta, huenda alikuja tu kupumua. Siyo wewe peke yako uliyechoka, baba. Bati likivuja linamvujia yeye, na mama yako akinuna anamnunia yeye.

Kuhusu Kiatu, simjui. Sitakutuliza kwa kukuambia ni mtu wa heri, maana huenda si wa heri. Lakini hata wewe humjui. Umeshamfanya mwenye duka, umeshamfanya jirani wa mtungi wa gesi, kesho utamfanya dereva aliyempa mkeo njia. Kwa huyo shangazi mara ya mwisho ulifika lini? Unajua kuna nani sebuleni, kuna nini juu ya meza? Mtu aliyevunjika nyonga hukaa kitako mchana kutwa, na mtu anayegonga kuta ni mtu aliyeshika kipanya juzi. Sisemi ni shangazi. Nasema umetengeneza orodha ya wanaume watupu, na umeitengeneza mwenyewe ukiwa na mwiko mkononi.

Halafu eti dukani hakuwahi kukusubiri mlangoni. Mlikuwa mnapigana! Hiyo ndiyo ilikuwa raha yenu. Naona unalotaka ni yule msichana wa fotokopi, umri wake ule ule, asiye na bati wala watoto, na huyu anayepokea simu unamwona kama karani wa matatizo. Ni mtu mmoja, Mpiga Lipu. Watengeneza gemu wanaweza kujenga kuta mpya zikafanana na za zamani. Mke hajengwi hivyo.

Fanya hivi. Futa ujumbe wa shemeji leo, kabla hujala. Shemeji akishaingia katikati yenu, hata ukikuta umekosea hutaweza kumtoa. Jumapili toka nje ya chumba, Bomba abaki na vicheko vyake, umpigie mkeo kabla ya kuwasha gemu. Usianze na Kiatu. Anza na lako, kwa maneno haya haya: "Jumapili sifanyi kazi, nimekuwa nikikudanganya tangu mwaka jana." Kisha nyamaza. Akikufokea, fokewa. Akimaliza, ndipo umwulize Kiatu ni nani, usikilize jibu mpaka mwisho bila kumkatiza. Jibu likiwa baya niandikie, tutazungumza habari za shemeji. Lakini ukishindwa kusema hilo la kwanza, hilo la pili usiliulize.