Mbuzi Wangu wa Misima

Shangazi, shikamoo. Huku Misima, Handeni, jua ni kali lakini maziwa ya mgando hayaishi.

Si unajua serikali imeanza kutoza ada za matibabu? Chuo kimetutuma tuulize hali za watu, ili wasiojiweza watibiwe bure. Leo nilimhoji mama mmoja wa Kimasai. Nyumba ya bati? Hana. Redio? Hana. Baiskeli? Hana. Nikamwambia kwa huruma kwamba yeye hatalipa. Akacheka, na ng'ombe wamejaa nyuma yake! Akanyoosha kidole kwenye nyumba ya bati: "Mjane wa pale ndiye anayelala njaa. Na wewe, mwanangu, una ng'ombe?" Sina. "Mbuzi je?" Sina. Akanishika mkono. "Basi na wewe utibiwe bure." Kisha akanipa mbuzi wa kuanzia maisha, kwa kuwa kwao asiye na mfugo huanzishiwa na wenzake.

Nilipomsimulia mwalimu wetu, alicheka mpaka machozi, halafu akafuta maswali yote. Kesho wanakijiji wenyewe watatuambia nani hajiwezi, na hivyo ndivyo tutakavyoiambia serikali.

Nimekukumbuka sana, shangazi yangu. Na baba anayesema chuo hakina mali, mwambie nina mbuzi, tena ana mimba.

Rehema wako