Taasisi Inataka Kisa cha Kweli, na Kisa ni cha Wifi Yangu

Bi Ashatu wetu, shikamoo. Nakuomba unipe sikio lako kidogo, maana huku Mkange kila ninayeweza kumuuliza ni ndugu au jirani wa huyohuyo ninayetaka kumuulizia, na jambo lenyewe nikikaa nalo linanikaba.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama, sote wakulima wa ufuta na mahindi, na wewe mtu wa pwani unajua shamba la upande huu wa mbuga, usiposhinda unafukuza ngedere utavuna mabua, sasa ukishinda shamba mtoto mdogo unamwachia nani, wakubwa wako shule, bibi zao nao wako shamba, ndipo tukapata wazo la kujenga banda la kulelea watoto, lenye uzio, na mama mmoja alipwe kukaa nao. Tukasikia kuna taasisi ndogo ya hisani mjini Bagamoyo inatoa ruzuku kwa vikundi, tukaomba fomu, tukaijaza kwa pamoja barazani kwa mwenyekiti wetu, Bi Mwaija.

Hapo ndipo tulipochekesha watu. Fomu ilisema tueleze hali ya wanakikundi kwa sasa, nasi tukaona hawa watu wana adabu, wameanza na salamu, tukajibu kama tulivyofundishwa kuandika barua: hali zetu njema, alhamdulillah, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali. Baada ya muda akanipigia dada mmoja wa taasisi, Hafidha, sauti ya upole, akaniambia, "Dada yangu, mmeandika hamjambo. Sasa sisi tuwasaidie nini?" Nikacheka, naye akacheka, lakini baada ya simu niliona aibu, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, mtu akikuuliza hali humwagii shida zako, unashukuru kwanza.

Mungu ampe kheri, alitupa nafasi ya pili. Alisema safari hii tuandike shida yenyewe, tena tuweke kisa cha kweli cha mzazi mmoja, na picha yake ikiwezekana, kwa sababu wanaosoma maandiko ya maombi wengine hawajawahi kufika vijijini, kisa ndicho kinachowafungua macho. Maombi yanafungwa mwisho wa mwezi huu.

Bi Ashatu, kisa kipo. Ni cha wifi yangu Sihaba, mke wa kaka yangu. Mwaka juzi wakati wa palizi alimwacha mtoto wake wa miaka mitatu amelala, mlango kaurudishia, jirani kaahidi kumtupia jicho, jirani naye akaitwa, mtoto akaamka, akatoka kumtafuta mama yake, akatumbukia kisimani. Kikundi chetu kilizaliwa na jambo hilo ingawa hakuna aliyewahi kulisema, siku ya kikao cha kwanza Sihaba alikuja akakaa mwisho wa mkeka, tukazungumzia banda tu, hakuna aliyemtazama. Tangu arobaini ipite hakuna anayemtajia mtoto, tulimwambia ni amana, Mungu kachukua chake, asilie sana, naye akanyamaza, analima, watu wakicheka anacheka, na mimi nikienda dukani nazunguka njia ya nyuma nisipite pale kisimani, kimeshafunikwa zege lakini nazunguka.

Bi Mwaija anasema niandike tu, mficha uchi hazai, na tena Sihaba kusoma hajui, hatajua. Kaka yangu sijathubutu kumgusia. Nikiandika naona namvua mwenzangu nguo mbele ya watu asiowajua ili sisi tupate mabati, nisipoandika tutakosa, na palizi inakuja, na watoto wako palepale. Mimi naona kila upande dhambi. Nifanye nini?

Katibu, Mkange

BI ASHATU ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilivua miwani kwa sababu ilikuwa hainisaidii tena.

Ngoja nikugombeze kwanza, tumalize. Unaogopa kumwandika wifi yako kwa watu watatu wanne wa taasisi, ukaja kumwandika kwa gazeti zima linalosomwa mpaka Lugoba? Shukuru umeangukia mikononi mwangu. Majina yote nimeyabadilisha, mambo mawili matatu nimeyageuza, na hata kijiji si hicho.

La fomu lisikutie aibu. Mlishukuru kwanza, na hiyo ni adabu. Lakini anayetaka kukubebea mzigo akikuuliza hali, anatafuta mahali pa kushika. Mjibuni alhamdulillah, halafu mumwonyeshe mzigo wenyewe.

Mwenyekiti wenu mwambie methali kaishika mkiani. Mficha uchi hazai, sawa, lakini ni uchi wake mwenyewe, hatukuambiwa twende tukafunue wa mwenzetu. Na hilo la kwamba hajui kusoma basi hatajua, limeniudhi kweli. Asiyejua kusoma ndiye wa kuulizwa mwanzo kabisa, kwa sababu hana njia nyingine ya kujua mmemsema vipi.

Sasa wewe. Umeniletea njia mbili, kuandika na kutoandika. Kumuuliza mwenyewe hukukutaja kabisa, na nadhani najua sababu. Umenitajia jina la mwenyekiti, la dada wa taasisi, la wifi yako. Jina la mtoto hukuliandika hata mara moja, nawe ni shangazi yake. Unamwogopea wifi yako, hilo naliona, lakini na wewe mwenyewe msiba huu hujaulilia ukaisha. Mlimnyamazia kwa huruma, sote tunafanya hivyo, tunadhani kumtaja marehemu ni kutonesha kidonda. Mwenye kovu usidhani kapoa. Yule mama hajasahau kwa sababu nyinyi mmenyamaza, anakumbuka peke yake.

Nenda kwake asubuhi, mkamenye mihogo au mchambue kisamvu, mikono iwe na kazi. Fomu iache nyumbani, na Bi Mwaija umwache kwake. Mtaje mtoto kwa jina lake. Mwambie unamkumbuka, umwambie na kitu kimoja ulichokuwa unakipenda kwake, kisha unyamaze. Akilia, lia naye, na siku hiyo ruzuku usiitaje.

Siku nyingine umwambie hivi: "Wifi, wanataka kisa cha kweli, na mimi nimekifikiria chako. Ukikubali tutaandika kwa maneno yako, na nitakusomea kabla hakijaondoka. Ukikataa, hatutakuuliza tena." Kaka yako naye aulizwe, yule ni baba. Picha ya Sihaba hapana, pigeni ya kiwanja mnachotaka kujenga.

Akikataa, andiko halijafa. Andikeni kwamba kijijini kwenu mtoto alikufa maji mama yake akiwa shamba, na kwa heshima ya wazazi hamtaandika zaidi ya hapo. Hata maneno hayo machache msomeeni kwanza, asipoyataka yafuteni, muandike habari za ngedere na mahindi. Taasisi yenye utu itaelewa. Isiyoelewa msiililie.

Nina moja limebaki, na hili sikubembelezi. Ruzuku inaweza isije. Palizi itakuja. Mko kundi zima la wanawake, kila mmoja analijua lile kaburi, na mnasubiri mabati ndipo mtoto apate mtu wa kumwangalia? Pangeni zamu wiki hii. Kila siku mama mmoja abaki na watoto kwenye baraza mojawapo, wenzake wamlimie sehemu yake. Mkishaanza, hilo nalo liandikeni kwa Hafidha, kwa sababu mwenye kutoa hupenda kuongeza palipokwisha kuanzwa. Lakini msianze kwa ajili ya ruzuku.

Zamu ya kwanza kaa wewe, shangazi mtu.